Pacha wa Nyumba

Simu inanitaka nisimame wima, nisubiri.
Inatafuta setilaiti: nne, sita, saba.
Nimeshika upawa wa plastiki, kopo kiunoni,
viatu vya mvua vya kiume, namba tisa,
na matope ya Mkanyageni yananishika kwa mapenzi.

Haya, imenipata.
Dimbwi la kwato, nyuma ya zizi la akina Semkiwa.
Kina: kifundo cha mguu. Kivuli: hakuna.
Nachota. Nasubiri maji yatulie.
Wanaoning'inia kichwa chini, hao si wangu leo.
Ninaowatafuta hulala sambamba na uso wa maji
kama vipande vya uzi chini ya cherehani.
Tisa. Andika tisa.

Tangu Jumatatu nimetia nukta mia na tisini:
mfereji wa korona iliyokufa zamani,
nyayo za trekta kwenye mkonge,
jaruba la Mama Chambo, aliyenifukuza na jembe
akidhani napima ardhi niwauzie wageni.
"Huanza ramani," alisema, "halafu huja seng'enge."
Sikumlaumu. Babu yake alipimwa hivyo hivyo, kwa mnyororo,
na mkonge ukaota palipokuwa na jiko lake.
Nikamwonyesha kioo: hili paa lako, hili bonde, hapa wanazaliana.
Akauliza, "Na mimi niko wapi?"
Ramani hii haina watu, nikamwambia, ina maji tu.
"Basi haijui kitu," akasema,
lakini akanipa muhogo wa kuchoma.

Leo nimefika kwangu.
Nilizunguka makusudi ili kwangu pawe mwisho.

Mwaka ule tulipojenga, Mhina alichimba,
mimi nikakanyaga udongo na mimba ya miezi saba,
tukakandika kwa viganja.
Vidole vyangu vingali ukutani, juu ya dirisha.
Udongo ulitoka hapa, hatua kumi na nne kutoka mlangoni.
Hakuna aliyesema turudishe.
Nani hurudisha udongo?

Kila nyumba hapa kwetu ina pacha wake.
Nyumba ilipoinuka, shimo lilizama,
kimo kwa kimo, ukuta kwa ukuta.
Sisi tukalala ndani ya mmoja;
mwingine akakinga masika, akalea.
Jioni watoto wake walikuja kumtembelea wangu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakuwa na simu.
Kiko hatua kumi na nne, upande wa mashariki,
usahihi: mita tatu.

Nachota. Maji meupe, ungeweza kuyanywa.
Mkono unataka kuyamwaga kabla sijahesabu.
Sekiete, kijana wa Tanga mjini anayekusanya simu zetu Ijumaa,
hatajua. Ataona nukta zake nyekundu mia na tisini
na kwangu kijani kitupu,
kama kwa mtu ambaye hajawahi kubeba mtoto usiku, mgongoni,
hadi hospitali ya wilaya, akichoma kama kaango,
na alfajiri kurudi naye.
Amepoa.
Herufi moja tu, na ningeandika amepona.

Kumi na saba.
Nahesabu tena, kwa sauti,
kama mwalimu anayeita majina darasani.
Kumi na saba.

Nabonyeza. Paa langu linapata doa.
Simu inauliza: Maelezo mengine?
Naandika kwa kidole chenye matope, nafuta, naandika tena:
Shimo la udongo wa kujengea. Mwenye shimo ni mimi.

Inafikiri kidogo, kisha inakubali.

Kesho nitapita kwa Mama Chambo kuazima jembe,
lile lile alilonifukuzia.