Mfuko wa Spana

Nilizipima spana zako ukiwa unaoga, Lugembe.
Nilizilaza moja moja juu ya boksi la sabuni,
nikazizungushia kalamu: kumi, kumi na tatu, kumi na nne, kumi na saba,
na ile kumi na tisa iliyopinda shingo
siku uliyoigongea injini ya Bwire ikapona.
Ulitoka bafuni unanukia sabuni na petroli vilevile,
ukauliza mbona vidole vyangu vina grisi.
Nikasema nilikuwa nasugua sufuria.
Ukaamini. Mafundi mnaamini upesi
kitu msichokifungua.

Turubai nilipewa Mwaloni, na mama anayeanika dagaa,
kipande alichokitupa kwa kuwa kilitoboka katikati.
Nilikifua mara tatu. Mara ya nne nikakata tamaa:
hadi leo kikipata jua kinakumbuka dagaa.
Sindano mbili zilikatikia humo, pale Makoroboi,
Bi Nyanzobe akazikata kwenye mshahara wangu,
akasema, "Mwanamume mnunulie shati. Shati linaonekana."
Sikumjibu. Nilikuwa na pini mdomoni.

Maana mimi nilikuona Igogo,
umepiga magoti kwenye mawe, injini ya mtumbwi wazi kifua,
spana zako zimelala juu ya gunia,
meli ya mizigo ikapita mbali, haina habari,
wimbi lake likaja taratibu likachukua kumi na mbili.
Ulizama kuitafuta hadi giza likaingia.
Ulipoibuka ulikuwa na konokono wawili na msumari.
Ukacheka.
Hapo ndipo nilipoanza kushona, kichwani.

Kitambaa cha ndani nilikifuata Sengerema,
nikavuka Kamanga na magunia ya viazi miguuni.
Dada yako Minza alikuwa na ile kanga ya mama yenu,
ya mwisho aliyojifunga kabla ya Bugando.
Jina lake: HATA FUNDI ALIANZA KWA KUKOSEA.
Tuliikata katikati, mkasi ukigoma.
Yeye akabaki na HATA FUNDI.
Mimi nikaondoka na ALIANZA KWA KUKOSEA
nimeikunja ndani ya sidiria kama nauli.

Mifuko sita. Wa kumi na mbili niliukisia,
mwenyewe yuko chini ya maji.
Na wa saba, mdogo, usio na namba.

Siku niliyokupa hukusema kitu.
Ulisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza,
ukarudia neno la mwisho.
Kisha ukautundika juu ya kitanda,
kwenye msumari wa kalenda!
Wiki mbili. Spana kwenye gunia lilelile.
"Ni mzuri mno kuchafuliwa," ukasema.

Tuligombana, majirani wakazima redio.
Nilisema sikujitoboa vidole kwa ajili ya ukuta.
Nilisema kanga ile ilibeba kuni, ilikamua tui,
ilikubeba wewe na kuhara kwako,
na mama yako hakuwahi kuitundika.
Hapo ukanyamaza.
Ukaenda kukaa juu ya jabali nyuma ya nyumba
hadi chai ikapoa.

Jana nimepita Igogo na chakula chako.
Umetandazwa juu ya jiwe, mfuko wangu,
mweusi kama sufuria ya msibani.
Oili imemeza maandishi, KUKOSEA limebaki KUKO.
Kumi na mbili mpya haiingii, nilikisia vibaya,
unaibana kwa meno ukifanya kazi
kama mimi na pini zangu.

Nikachungulia mfuko wa saba.
Sikuwahi kukuambia niliushonea nini.
Labda picha yangu ya pasipoti. Labda, siku moja, pete.
Mlikuwa na karanga, na chumvi kwenye kikaratasi.

"Nyoosha mkono," ukasema, spana mdomoni.
Nikanyoosha.