Kichuguu cha Chekereni

Falme nyingine, tuliambiwa darasani, humezwa na maji.
Yetu ilikufa maji yalipokwenda zake.

Ilikuwa masika ule mwaka Rau ilipokataa kingo,
ikavuka barabara, ikaingia majarubani,
ikalala juu ya mpunga wa watu
kama mgeni asiyeulizwa ataondoka lini.
Shule ilifungwa. Mlango wa choo cha walimu ulielea;
tukaufanya merikebu ya kifalme.
Na katikati ya maji yale kilibaki kichuguu kimoja,
kikavu, kizee, na mgunga mmoja ubavuni.

Kundaeli alifika wa kwanza, kwa hiyo alikuwa mfalme.
Hakuna aliyebisha: alikuwa na miaka kumi na mitatu
na kopo la Blubandi lililokatwa meno, kichwani.
Ndeshi, jemadari.
Mbonea, hazina, maana ni yeye tu
ambaye mifuko yake haikutoboka.
Mimi mwandishi. Nilikuwa na biki.

Daftari ninalo bado. Upana wa bahari: hatua arobaini.
Kina: kiunoni mwa Ndeshi.
Kodi: konzi moja ya pepeta kwa kila kichwa, kila siku.
Mchwa ni raia; wasikanyagwe bila kesi.
Na kiapo, alichotunga mfalme mwenyewe
akiwa amesimama kwa mguu mmoja:

*Naapa kwa tope hili, sitauza siri yetu,*
*Maji yanipige mbali, nisionje wali wetu,*
*Chura awe wa awali, kunitenga na wenzetu,*
*Kichuguu ni himaya, mwenye nacho ni sisi tu.*

Siku ya tisa tuliteka paua tila ya Mzee Mchome,
iliyozama hadi mikononi.
Tuliipandishia bendera, kanga kuukuu ya mama yake Ndeshi,
ambayo neno moja tu lilisomeka: USISAFIRIE.
Likawa kaulimbiu ya taifa.
Siku zile mlima ulijitokeza asubuhi, mweupe, umejiosha,
na Kundaeli akaunyooshea fimbo:
"Ule nao. Tukimaliza huku."
Tukaamini. Nikauchora ramanini, upande wa kaskazini,
nikauandikia *bado*.

Siku ya ishirini na moja
Anaeli, mtoto wa mlinzi wa mfereji,
alikuja akitembea.
Hakuogelea. Hakuomba ruhusa.
Tope lilimfika kifundoni.
Nyuma yake ng'ombe, akivuka bahari yetu
huku akitafuna.

Mfalme alitoa amri maji yarudi.
Ndeshi aliitwa nyumbani akachambue mbegu, akaenda.
Mbonea aligawana hazina na tumbo lake.
Ile merikebu, mwalimu mkuu aliikuta imelala kwenye matope,
akaibeba kichwani bila kumwuliza mtu.

Jioni ile nilimwona Kundaeli peke yake, na ndoo.
Anachota mferejini, anamwaga kuzunguka kichuguu.
Ndoo, tena ndoo.
Ardhi ikanywa kama haikumwona.
Kopo lilikuwa linamteleza machoni, analirudisha kwa kiwiko,
anachota.
Nilikuwa nyuma ya migomba. Sikumsaidia.
Hilo sikuliandika.

Mwezi uliofuata kichuguu kilibomolewa,
udongo wake ukafyatuliwa matofali
ya choo kipya cha walimu.

Sasa anauza mchele soko la Mbuyuni,
meza ya tatu ukiingia kwa upande wa mashine.
Ana kitambi na miwani ya kamba.
Hatujawahi kuyataja.
Napima kilo mbili, nalipa, nafunga mfuko,
naye anazamisha mkono guniani,
ananiongezea konzi moja iliyojaa hadi inamwagika.

"Kodi," anasema, bila kuniangalia.
"Nakurudishia."