Mkaguzi wa Mizani

Kila Jumanne napanda ngazi za soko la Kutaisi
na sanduku la mawe ya shaba, saba, kila jiwe na shimo lake,
kubwa la kilo, dogo mfano wa punje ya mahindi.
Kazi yangu si imani. Kazi yangu ni gramu.

Zurabi huuza jibini. Kengele za kanisa zikilia
huweka kisu chini, hujigusa paji, tumbo,
bega la kulia, la kushoto, mara tatu,
midomo ikitembea.
Juu ya mizani ametundika sura ya Bikira
na taa ya mafuta isiyozimwa.
Mizani inaiba gramu arobaini.
Nilipima tena. Nikaona haya kwa niaba ya taa.

Mkabala naye Nestani, muuza jozi.
Tangu amzike mwanawe hajakanyaga kanisani.
"Na huyo wa juu," aliniambia, "tumenuniana."
Mizani yake haina dosari,
na juu ya haki ya mteja huongeza ukufi.

Basi nilikwisha pata hekima yangu,
nimeikunja kama risiti, nakwenda zangu.
Lakini mwisho wa safu yuko Vazha wa maharage,
aliyefungwa mara mbili kwa wizi.
Sindano ikasimama palepale. Nikamtania:
"Umeiogopa serikali?"
Akacheka hata jino la dhahabu likaonekana.
"Serikali ni wewe, na wewe nakujua.
Mkono huu mwizi, ndugu, tangu utoto.
Ukiachwa, unakwenda.
Kila alfajiri naushikisha mshumaa kanisani,
angalau uwe na shughuli."

Wewe nakujua.
Kweli ananijua. Soko zima linanijua.
Zurabi alikuwa ameshanifungia bonge la jibini gazetini,
nami, nisiyesali wala kukana,
nikaandika daftarini: *sawa*.

Usiku Eteri, mke wangu, auliza limetoka wapi.
"Limepimwa," namjibu.
Nafungua sanduku, natoa ile kilo, naiweka kiganjani.
Inang'aa kwa miaka ya kushikwashikwa;
kila kidole kimeondoka na chembe.
Itakuwa imepungua. Kiasi gani, sijui,
hakuna ajaye kunikagua.
Kule kilimani kengele zinalia.
Eteri anakata jibini.
Ananipa kipande kikubwa.