Kopo la Vipisi

Mimi ni mtunza stoo. Ufunguo wangu
ni mkubwa kuliko kilichofungiwa.

Rafu ya juu: kofia za kuchomelea, tano,
mbili hazina vioo.
Rafu ya kati: msumeno wa chuma,
kibogoyo.
Chini, kopo lililokuwa la asali.
Bado nyuki wa Sikonge huja kulichungulia,
wanazunguka mara moja, wanaondoka na hasira zao,
maana ndani kuna vipisi vya fito
urefu wa kidole gumba,
na kila kimoja nimekiandika daftarini.

Wahenga walisema
wajenzi wa nyumba moja hawagombei fito.
Hawakuiona karakana yetu:
wanafunzi ishirini na sita,
mashine moja,
paketi moja ya fito kwa muhula.

Basi Mwalimu Lusangija akabuni somo.
Kuchomelea hewa.
Umeme umezimwa, kofia usoni,
mkono unasafiri polepole juu ya bati,
na kwa kuwa chuma kikipikwa vizuri
hulia kama dagaa kwenye kikaango,
nao walie.
Pita dirishani kwetu saa nne asubuhi
usikie watu wazima ishirini na sita
wakikaanga dagaa kwa midomo.

Mimi nilicheka. Mwezi wa kwanza tu.

Septemba tuliandika barua.
Desemba tuliandika kukumbushia barua.
Machi tuliambiwa barua imeonekana.
Kwenye kitabu cha bajeti, nimejionea mwenyewe,
sisi ni Matumizi Mengineyo.
Mengineyo.
Neno la mtu anayefagia kilichobaki mezani
kwa upande wa kiganja.

Fungu likaingia Juni ishirini na saba,
Ijumaa, saa kumi jioni.
Bei za maduka matatu zinatakiwa, na mihuri yake.
Mhasibu alikimbia na pikipiki hadi Tabora,
duka la pili limefungwa, la tatu lina msiba.
Jumatatu usiku mwaka wa fedha ukafa,
na pesa zikarudi Hazina
kama mgeni aliyekosea nyumba:
alibisha hodi, akasikia karibu,
akasema samahani.

Kisha reli ikatafuta mafundi.
Nyamizi Kashindye alikwenda.
Miaka miwili chuoni, fito kumi na moja;
alizihesabu, nami ninazo daftarini, hatukutofautiana.
Msimamizi akamsogezea boksi zima, halijafunguliwa.
Akauliza, "Nichukue ngapi?"
Yule bwana hakulielewa swali.

Mshono wa kulala alifaulu.
Ulinyooka kama mstari wa msusi mzuri,
na chuma kikalia chenyewe,
ila mdomo wake, kwa mazoea, ukalia nacho.
Mshono wa kupanda ukutani
ulimshinda. Chuma kilichoyeyuka kilimdondoka
tone kwa tone hadi kwenye kiatu.
Somo hilo hatukuwahi kufika.
Na hewa, hata uichomelee mwaka mzima,
haidondoki.

Alirudi na basi la jioni
akaja moja kwa moja stoo, hajavua kandambili za safari,
kiatu chenye tundu kikiwa mkononi.
Sikumuuliza kitu.
Akatoa mfukoni kipisi kimoja.
"Waliniambia nitupe," alisema. "Sikuweza."

Nikafungua daftari. Mkono wangu
haukuwa mtulivu kama wake.
Kimepokelewa: kipisi, kimoja.
Kutoka: Tabora.
Hali: kimetumika mpaka mwisho.

Nikakitia koponi. Kililia kidogo
kilipowagusa wenzake.
Leo ni Septemba.
Mkuu wa chuo ameniomba karatasi,
anataka kuandika barua.