Fungu la Uono

Semboja alipiga mistari katika daftari la Mwantumu,
ukurasa wa nyuma, chini ya jedwali la kuzidisha:
Korogwe. Mombo. Lushoto. Muheza.
Akaandika kodi ya vyumba viwili, maji, shule, zahanati,
na bei ya fungu la nyanya.
Mji wa nyanya ghali, alisema,
utakimaliza kiinua mgongo changu kabla sijaota mvi.
Kambi ya mkonge ilikwisha kututema,
na barua yenye muhuri ilitutaka tutoke kwa mwezi.

Korogwe tulifika jua likiwa utosini.
Nyanya sita kwa mia tano. Akapiga vema.
Lakini shule iko ng'ambo ya barabara kuu,
na malori ya Arusha hayajui kwamba Mwantumu
huvuka njia akihesabu kunguru.
Nikalifunga daftari. Semboja akalifungua.

Mombo, aliyetuuzia mahindi ya kuchoma
alisema nasi huku macho yake yako barabarani,
na chenji yetu ilingoja mabasi matatu yapite.
Huu ni mji wa kuagana, nikamwambia Semboja.
Hakuna safu ya hilo, akanijibu.

Lushoto ni kwao mama yake.
Karoti zimeoshwa mpaka zinaona haya,
pichesi, kabichi za kubeba kwa mikono miwili;
akaikoleza bei kwa wino mara mbili.
Usiku Hoza akakohoa.
Akakohoa mpaka mwenye gesti akatuletea jiko la mkaa,
nami nikakaa nimemwegemeza kifuani,
nahesabu pumzi.
Alfajiri, ukungu bado umelalia matuta,
Semboja mwenyewe akaukata mstari.

Muheza hatukuipenda.
Mvua, matope, maganda ya machungwa chini ya nyayo,
ukanda wa kiatu cha Mwantumu ukakatika sokoni.
Kodi juu kuliko Korogwe.
Nyanya nne, na moja ina kidonda.
Semboja akaondoka na pochi kutafuta fundi viatu,
akaniachia mtoto mgongoni na mwingine mguu peku.

Hapo nikauona uono,
mkavu, mweupe, kama sindano zilizomwagika.
Fungu moja, nikasema; kisha nikakumbuka pochi.
Nikalirudisha mezani.
Mwenye meza, kidole chake kimefungwa kitambaa,
akalichukua, akalifunga katika gazeti, akanipa.
"Utaleta Alhamisi."
Mimi si wa hapa, dada.
"Kwani nimekuuliza kwenu?"
Akachomoa kipande cha kadibodi chini ya mizani:
Mama Kijazi, ngogo wawili.
Fundi redio, papa, nusu.
Mwalimu Chamshama, tangu Mfunguo Mosi, Mungu anamwona.
Akaniuliza jina, akaandika:
Mama Hoza, uono, elfu moja.

Nilisimama nikijisoma.
Kambini miaka tisa niliandikwa "mke wa namba 412".

Semboja akarudi, kiatu mkononi.
Tuna deni hapa, nikamwambia.
Akakunja uso, mtu asiyekopa hata chumvi,
akashika pochi. Akaitazama ile kadibodi
kitambo, midomo ikicheza kama anayepiga hesabu.
"Alhamisi ni keshokutwa," akasema,
na pochi akairudisha mfukoni.
"Itabidi tutafute pa kulala."

Daftari lipo, limeliwa na mende pembeni.
Hesabu zote bado zinasema Korogwe.
Ila kwenye safu ya Muheza, chini ya nyanya,
upo mwandiko wangu mbaya: uono, elfu moja.

Alhamisi ile nilikwenda kulipa.
Nikachukua mafungu mawili,
nikaacha pesa ya moja.