Ufunguo wa Tatu

Dalali alisema, "Bei ni ya nyumba.
Kivuli mnapewa bure."
Mwongo. Kivuli kilikuwemo kwenye bei,
kila jani na tarakimu yake.
Vuka reli tu, vitalu vinne,
kule ambako mti ni mmoja na mbwa wote wanaugombea,
nyumba kama hii huuzwa nusu.

Tulijua. Jumapili sita tulitembea Villa Devoto,
mimi na Ulises, tumebeba mkate
ili tuonekane tunarudi kwetu.
Juu ya barabara mitipa ya huku na ya kule
imeshikana mikono,
kama watu wanaosalimiana juu ya kichwa cha mtoto.
Mtoto ni wewe unayepita.

Dola zetu zilikuwa na miaka kumi na moja.
Nyingine kwenye kopo la unga,
nyingine nyuma ya tangi la maji,
nyingine ndani ya soksi za marehemu baba.
Hapa Buenos Aires benki ni jirani
unayemwamkia kila siku
lakini mtoto humwachii.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa;
hawakusema kibaba kinanuka nini ukikifunua:
unyevu, naftalini,
bahari ambayo hatukwenda Januari zile zote.

Chumba cha kuhesabia hakikuwa na dirisha.
Mashine ilikohoa noti zetu, ikarudia, ikakohoa tena.
Noti tatu zilikataliwa:
kichwa cha yule mzee wa kwenye noti kilikuwa kidogo,
chapa ya zamani, hazitakiwi.
Ulises akatoa nyingine kwenye kiatu.
Bwana Scarpino akasoma hati kwa pua,
mipaka, mita, namba ya kiwanja,
mti hata mmoja hakuutaja.

Bi Nélida Bracco, miaka themanini na mmoja,
hakuzitazama pesa.
Alitutazama mikono.
"Nani atafagia?"
Tulicheka.
Yeye hakucheka. Akasukuma funguo mbili mezani,
akafunga mkoba wake, tak.

Mwezi wa Julai choo kikarudisha maji.
Fundi Hermes akapiga magoti uani,
akavuta kutoka kwenye bomba
mizizi myembamba, mirefu, imesukana,
kama anayezibua sinki la nyumba yenye mabinti saba.
"Mti una kiu," alisema, akaandika bei.
Tuliandikia manispaa. Tukaandika tena.
Jibu likaja na muhuri: mti ni wa jiji,
msiuguse.
Basi hicho ndicho tulichonunua,
kivuli, na chini yake kinywa.

Septemba majani yakashuka yote kwa pamoja,
madogo, ya manjano, kama chenji.
Nilisema nitafagia Jumamosi.
Alhamisi, kabla ya saa moja asubuhi,
nikasikia: fya, fya. Kimya. Fya.
Nikafunua pazia.
Bi Nélida, koti la sufu, ufagio wake mwenyewe,
amekuja nao kwa garimoshi
kutoka ghorofa ya tisa ya binti yake
ambako jani halifiki.
Alifagia kwa kufuata upepo, si kwa kushindana nao.
Akafika mpaka wa jirani, akasimama papo hapo,
kama ukuta ulikuwepo.
Kisha akafungua geti dogo,
kwa ufunguo,
akanawa mikono kwenye bomba letu,
akafunga, akatikisa kuhakikisha, akaenda.

Ulises alinunua kitasa kipya siku hiyohiyo.
Mwenye nyumba ni nani? aliuliza,
akaiuliza hati, akauliza dari.

Sasa ni Novemba, mitipa inadondosha machozi yake,
mbingu kavu, barabara imelowa,
gari letu linanata kama pipi iliyolambwa.
Kitasa kiko juu ya friji, ndani ya boksi lake,
na risiti.
Jumatano usiku Ulises hutoka na kiti,
kile chenye mgongo,
hukiweka karibu na bomba.
Hasemi ni cha nani.