Kabla ya Kuuza Niva

Gyumri, Machi. Theluji imebaki vichochoroni tu.
Nimeinua boneti ya gari la baba:
vumbi la mawe mekundu, chumvi ya barabara,
unyoya wa ndege, sijui ndege gani,
na mafuta yaliyoganda kama lami.

Shemeji Vahagn kaja na mashine ya maji.
"Ing'arishe, Siranush. Mnunuzi hununua kwa macho."
Nikamwambia aizime.
Maji ya nguvu hayabishi hodi,
huingia kwenye plagi, kwenye alteneta,
na kesho gari likikohoa
tutamlaumu nani?

Nilingoja injini ipoe.
Nikatoa betri,
distribyuta nikaifunga kwa mfuko wa mkate,
kisha mswaki mkuukuu, sabuni kidogo, kitambaa,
mpaka vidole vikafa ganzi.
Chuma kikaanza kurudi, kijivu, kwa shingo upande.

Nikafika kwenye gasketi,
pale mafuta yanapovuja tone kwa tone,
pale baba alipopitisha kidole kila Jumapili,
akakinusa,
akasema, "Bado."

Hapo sikugusa.
Vahagn akaguna: utapoteza bei.
Nipoteze.
Siuzi mkakasi.
Mnunuzi naye ana pua.